Kuku sita wa Mamboleo wanaobagua chakula

Swali

Daktari, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Sijawahi kufuga kuku maishani, ila mwezi jana nilinunua sita wa kienyeji walioboreshwa: wanne kwa jirani aliyekuwa anahama, na wawili sokoni Kibuye wiki mbili baadaye. Wanakaa ndani ya ua wa waya nyuma ya nyumba. Niliwanunulia gunia zima la chakula cha kutagia, lakini wanakichakura tu, wanakimwaga chini, wanaokota vipande vya mahindi na kuacha kingine chote. Nikikaza wanapiga kelele mpaka majirani wanauliza kulikoni, basi nawapa ugali wa jana, wali, au wajukuu wanawatupia chapati. Hivyo wanavipigania. Mayai yalikuwa manne kwa siku, sasa ni moja au mawili, na ganda limekuwa jepesi. La juzi lilibonyea mkononi. Wale wawili wa Kibuye ndio hawali kabisa. Je, kuna ratiba ya kuwalisha? Niwape nini, saa ngapi, na kiasi gani?

Jibu

Mwalimu, salamu zako nimezipokea, na karibu kwenye ufugaji. Umenieleza vizuri kuliko wengi wanaoniuliza. Umesema wanaokota mahindi na kuacha kingine, wakilia unawapa ugali, na waliokuja nyuma ndio hawali. Sehemu kubwa ya jibu imo humo. Kuku wako wanne wa kwanza wamefundishwa kubagua, na kila kelele iliyoleta ugali ilikuwa somo jingine. Wale wawili wa Kibuye nina shaka kama wanabagua hata kidogo. Nitawafikia.

Kwanza nataka uangalie mabaki. Kesho alfajiri, kabla hujaongeza chochote, chukua chombo cha chakula ukiweke penye mwanga. Nadhani utaona juu pamechimbwa vishimo vidogo vidogo vya mdomo, kingoni pamerundikana, na kilichobaki ni unga mwepesi wa kijivu na makapi meusi ya alizeti. Vipande vya njano vimekwisha. Chovya kidole kwenye unga huo ukiguse: ni laini kama vumbi. Sasa, Mwalimu, humo kwenye vumbi ndimo walimotia samaki wa kusagwa, chokaa, chumvi kidogo, madini na vitamini. Ulilipia gunia zima, kuku wamekula mahindi yake wakakuachia dawa.

Mahindi peke yake hayawezi kumtagisha kuku. Kuku wa kutaga anahitaji gramu 17 hivi za protini kwa siku, na yai moja tu linabeba 6 au 7. Gramu 100 za mahindi zina 8 au 9. Kalisi, yaani kalsiamu, ndiyo haba zaidi, karibu hakuna, ilhali ganda moja lina takriban gramu 2 za kalisi. Basi kuku anachota kutoka mifupani mwake, na mifupa ikichoka anakupa yai lile lililobonyea mkononi mwako. Hatimaye anaacha kutaga. Wakati huohuo ananenepa kwa wanga, nawe unamwona mzito, unadhani ana afya.

Kwa nini anabagua? Kuku ana vionja ladha mia chache tu mdomoni, sisi tuna maelfu. Utamu wa sukari hausikii, na pilipili haimwashi. Kwa hivyo wanaonishauri nimwambie mfugaji atie sukari au mchuzi ndipo kuku apende chakula huwa siwaungi mkono. Chumvi ya mchuzi inaweza hata kumuua. Kuku huchagua kwa jicho na kwa ncha ya mdomo. Hutazama ukubwa wa punje, rangi, mng'ao, na kama kinashikika. Kipande cha mahindi kinashikika. Vumbi halishikiki, tena humkaba. Ukimtazama akijaribu, utaona anatikisa kichwa na kukimbilia maji.

Dawa yake ni rahisi mno: lowesha chakula. Pima chakula kikavu cha wakati huo, utie maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono, kisha ukamate konzi moja uiminye. Ukifungua kiganja, donge linatakiwa libaki na alama za vidole vyako, lakini ukiligusa kwa kidole gumba livunjike. Likitiririsha maji, umezidisha. Ongeza chakula kikavu. Likimwagika kama mchanga, bado. Hali hiyo ikifika, vumbi lote limegandamana na mahindi, na kuku hawezi kuchukua kimoja akaacha kingine. Waachie kwa dakika 30 au 40, kisha ondoa kilichobaki na uoshe chombo. Kwa joto la Kisumu chakula chenye maji huchacha upesi, na kilichochacha tangu asubuhi kikikutana na kipya cha jioni, vyote vinaharibika.

Kwa siku 3 za mwanzo, nyunyiza juu ya donge kijiko cha chenga za mahindi na omena iliyovunjwavunjwa, ili jicho lao lione kitu wanachokijua. Siku ya nne punguza nusu. Ikifika siku ya 10 usinyunyize tena. Kuku huogopa kitu kigeni, ila hujifunza haraka kwa kumtazama mwenzake, kwa hivyo mmoja akianza wengine watamfuata. Hata kidole chako kinasaidia. Gongagonga ndani ya chombo kama mama kuku anavyowadonolea vifaranga. Nimeona majike wakubwa wakiitika mwito huo kana kwamba wamekumbuka utoto wao.

Sasa ratiba. Kuku hula sana nyakati mbili: anaposhuka kwenye ubao wa kulalia, na saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala. Katikati, hasa huku kwetu jua linapowaka, hataki kula. Huachama mdomo, akatandaza mabawa na kutafuta kivuli. Ukimlisha saa saba mchana akakataa, hajakudharau. Ana joto.

Saa 12 na nusu asubuhi fungua banda na uanze na maji. Mwaga ya jana, sugua chombo, tia mapya. Kuku asiyekunywa hali, na wengi wanaoitwa wabaguzi wamewekewa maji kwenye sufuria juani mpaka yakawa ya kuogea. Sita wako watakunywa lita moja na nusu siku ya kawaida, na siku za joto kali kama Januari na Februari wanaweza kufika lita 3. Weka chombo kivulini, juu ya matofali, kimo cha mgongo wao, wasije wakakichakuria uchafu. Halafu uwape chakula cha asubuhi, gramu 300 kwa wote sita, kikiwa kimeloweshwa kama nilivyosema.

Ukishaondoa mabaki ya asubuhi, usiwape kitu mpaka saa tano au saa sita. Hapo watalia. Hiki ndicho kipindi kigumu kwako, wala si kwao. Wanajua kelele zao zilileta ugali. Siku ya pili watalia zaidi ya siku ya kwanza, na siku ya nne au ya tano watapunguza. Kuku mwenye afya aliyekula asubuhi hawezi kudhurika kwa kungoja saa chache. Usitoke na sahani, tafadhali. Ukitoka mara moja tu siku ya tatu, watajua kwamba kulia siku tatu ndiyo bei.

Saa sita tundika mboga. Usitupe chini, wataikanyaga. Funga fungu la sukuma wiki, terere au majani ya kunde kwa kamba, ulining'inize kwenye waya wa ua juu kidogo ya vichwa vyao, waruke na kunyofoa. Kazi hii wape wajukuu. Watoto wanapenda kuona kuku wakirukia kitu, na ukiwapa shughuli hii watasahau chapati bila ugomvi. Mboga ndiyo inayokipa kiini cha yai ile rangi ya machungwa ambayo wateja huililia. Pia huwapa kuku shughuli, wasianze kunyofoana manyoya.

Saa 10 jioni wape chakula cha pili, na hiki kiwe kingi zaidi, gramu 420 hivi. Sababu yake ni kwamba yai huchukua siku nzima na zaidi kidogo kutengenezwa, na ganda peke yake huchukua saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku. Kuku anayetaga hulijua hilo mwilini mwake. Jioni hutafuta kalisi kwa nguvu. Kwa hivyo karibu na chakula cha jioni weka mkebe mdogo wa pekee wenye maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri juani au kwenye jiko na kupondwa mpaka yasifanane na yai (yakifanana, utawafundisha kula mayai yao), au makome ya ziwani yaliyosagwa, au chokaa ya kuku kutoka agroveti. Usiichanganye kwenye chakula, kila mmoja ajichukulie anavyohitaji. Na chokaa ya kupakia ukuta usiikaribishe kabisa. Inaunguza. Ukija kuwa na vifaranga au matetea ambayo hayajaanza kutaga, waweke mbali na mkebe huo, na chakula cha kutagia chenyewe wasikile, kwa maana kalisi nyingi hiyo inaharibu figo zao.

Saa 11 na nusu, sasa ndiyo zamu ya mahindi. Chukua konzi moja tu ya mahindi ya kuparaza, gramu 70 kwa wote, uimwage kwa kuitawanya ndani ya ua. Watachakura mpaka giza liingie na kupanda kulala wakiwa na punje goleni, yaani kwenye mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Utaona kwamba sijawanyima wanachokipenda. Nimekihamishia mwisho wa siku, baada ya chakula chenyewe, na kwa kipimo kisichozidi moja ya kumi ya walichokula. Ukibadilisha mpangilio huu, mahindi asubuhi na chakula jioni, kazi yote inarudi mwanzo.

Kiasi nilichokupa, bila kuhesabu mahindi ya jioni, ni gramu 120 kwa kuku mmoja kwa siku, sita ni gramu 720. Kuku wanaozurura kijijini huhitaji chini ya kiasi hicho kwa sababu wanajitafutia wadudu na mbegu, lakini kuku wako wamo ndani ya waya, na ua mdogo huchakuliwa ukawa mtupu kwa wiki mbili. Kama ni wale walioboreshwa na watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha, au chotara kama Kuroiler, wanatarajiwa kutaga zaidi ya kienyeji wa asili, na tumbo lao hudai zaidi. Usipime kwa gorogoro ukadhani ni kilo mbili kama ya mahindi. Chakula cha kusagwa ni chepesi. Nenda na mkebe wako dukani, wakupimie gramu 300 na gramu 420 kwenye mizani, upige mstari kwa kalamu. Siku zote utapima kwa mstari huo.

Hapa nina neno kuhusu gunia. Kama ulinunua lile la kilo 70, piga hesabu: kwa gramu 720 kwa siku litakaa siku 97. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu, kwenye hewa ya Kisumu yenye unyevu wa ziwa. Vitamini hupotea, mafuta ya samaki na soya huchacha, na ukungu huingia pembeni. Mwenye kuku sita anunue kilo 20, zitaisha kwa wiki nne hivi. Kilichobaki kwenye gunia lako gawana na jirani mwenye kuku, na chako kiweke kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na kabla hujaendelea na haya yote, kinuse. Tia mkono mpaka katikati ya gunia, toa konzi, pelekea puani. Kizuri kinanukia unga mkavu na samaki kwa mbali. Kikinuka uvundo, kikiwa na madonge, au ndani kikiwa na joto, usikiloweshe, usikichanganye. Kitupe. Nayasema haya kwa uchungu. Miaka ya nyuma, msimu wa mvua za masika, nilinunua magunia mawili kwenye duka moja kwa bei ya chini. Kuku wangu wakakataa. Wiki nzima niliwaita wakaidi, nikawashindisha njaa ili wazoee, mpaka nilipofika chini ya gunia nikakuta madonge ya kijani yameshikana kama sabuni. Wawili walikuwa wameshakufa. Tangu siku hiyo, kuku wote wakikataa chakula kwa pamoja ghafla, nachunguza chakula kabla ya kumchunguza kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haina mzaha. Mwaka 2004 huko Ukambani, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mahindi yaliyoota ukungu usiyaone ni ya kuku kwa vile hayafai kwa ugali.

Nije kwa wale wawili wa Kibuye. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa kamba yao ni wale wanne. Kuku wana ngazi yao ya ukubwa, na anayeingia baadaye huanzia chini kabisa. Chukua kiti ukae mbali kidogo wakati wa chakula cha asubuhi, dakika 15 tu, bila kuwasemesha. Nadhani utawaona wawili hao wakisogea, mmoja wa wale wakubwa akiinua shingo tu, nao wakirudi nyuma na kujifanya wanadonoa chini mahali pasipo kitu. Mtu akipita haraka atasema hawataki kula. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, kimoja kila upande wa ua, na katikati simamisha ubao au tanda gunia ili walioko huku wasiwaone wa kule. Kila kuku apate nafasi ya upana wa kiganja chako, sentimita 10 au zaidi, kwenye ukingo wa chombo. Jaza chombo theluthi moja tu. Kikijaa hadi juu wanamwaga, na nusu ya kile unachokiona chini kimemwagika kwa sababu hiyo.

Jambo jingine juu yao: huenda huko walikotoka hawakuwahi kuona chakula cha dukani. Walilelewa kwa punje na mabaki ya omena. Ile hila ya kunyunyiza chenga na omena ni yao zaidi kuliko ya wengine.

Utajuaje kama wameshiba? Ingia bandani saa mbili usiku, na tochi yenye mwanga hafifu. Usiku kuku hutulia na hashindani nawe. Weka kiganja chini ya shingo, mbele ya kifua, ukielekea upande wake wa kulia. Hapo ndipo lilipo gole, ule mfuko anaohifadhia chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Aliyekula vizuri utakuta gole limejaa kama limau, laini, ukilibonya linakubali kama unga wa chapati uliokandwa. Ambaye hakula utashika ngozi tupu. Teremsha vidole mpaka kwenye mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama ukingo wa kisu, njaa hiyo si ya leo. Asubuhi kabla ya kula, shika tena: gole linatakiwa liwe tupu. Ukifanya hivi usiku kwa wiki moja hutahitaji kubahatisha nani anakula. Hata mimi nikiitwa boma la mtu naanza hapo, hata kama mwenye kuku ananivuta nikaone dawa alizonunua.

Kama gole limejaa usiku na asubuhi bado limejaa, gumu kama mpira au likinuka kama pombe iliyochacha mdomoni, hilo ni gole lililoziba au lililochacha. Majani marefu yaliyokauka huliziba, na mabonge ya ugali mkavu hayasaidii. Muweke peke yake, umpe maji tu, na umwite mtaalamu wa mifugo. Usimpindue kichwa chini ili atapike. Anaweza kuvuta maji yale mapafuni akafa mikononi mwako.

Kuhusu ugali, sikuambii uufute nyumbani kwako. Lakini uwe ndani ya ile moja ya kumi, wakati wa jioni, uliovunjwa vidogo, badala ya mahindi na si juu yake. Wali vivyo hivyo. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, maharagwe mabichi, maganda na kokwa za parachichi, mihogo michungu isiyopikwa, na chochote chenye chumvi, hivyo visifike uani.

Omena unayo karibu, ni neema ya ziwa, lakini itumie kwa akili. Sokoni kuna ya watu na kuna ile iliyovunjika inayouzwa kwa ajili ya mifugo, iliyoanikwa mchangani. Ipepete. Bakuli likibaki na mchanga mwingi kuliko samaki, umeuziwa ufuo. Wakati wa mvua omena isiyokauka huoza, na harufu yake utaijua. Kwa kuku wanaokula chakula cha kutagia, konzi ndogo mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kwa sita. Ukizidisha, mayai yatanuka samaki, na wajukuu watayasusa.

Mvua za kwanza zikinyesha utaona kumbikumbi wakizunguka taa. Usiwafagie ukawatupa. Nilikulia upande wa Kakamega, na bibi yangu alikuwa akifunika chungu chenye mavi ya ng'ombe makavu na mabua yaliyoloweshwa juu ya kichuguu jioni, asubuhi akakifunua mbele ya vifaranga, mchwa wametapakaa ndani. Vifaranga wake walikua kuliko wa majirani wote, naye hakuwahi kununua chakula. Leo Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kizima kinachochunguza wadudu kama chakula cha watu na mifugo, nami kila nikisikia habari zao namkumbuka bibi na chungu chake. Kuku wako wazima nao watashukuru.

Weka pia sahani ya changarawe ndogo, ukubwa wa punje ya mtama. Kuku hana meno, vijiwe hivyo ndivyo vinavyomsagia kwenye firigisi, na kwenye ua uliosakafiwa au uliochakuliwa vinakwisha.

Tofautisha kubagua na kuugua. Mbaguzi hukukimbilia, hutazama ulicholeta, hugeuka. Mgonjwa hasogei. Husimama pembeni amejikunja, manyoya yamesimama, macho yanafumba, mkia umeanguka, kinyesi cha kijani au cheupe cha maji. Huyo mtenge siku hiyohiyo. Na kama hujui kama walichanjwa dhidi ya Newcastle, yaani kideri, chukulia kwamba hawakuchanjwa. Ongea na ofisi ya mifugo ya wadi yako wakupangie chanjo ya matone ya jicho, kisha irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa huo ukiingia kwenye ua wako, haya yote ya ratiba hayatakuwa na maana. Uliza pia dawa ya minyoo, hasa kwa wale wa sokoni.

Usitarajie mayai wiki hii. Ganda litaanza kukaza kwanza, ndani ya siku chache baada ya kupata kalisi yao jioni. Mayai yenyewe nipe wiki mbili au tatu kwa wale wanne. Wawili wa Kibuye wanaweza kuchelewa, maana kuhamishwa tu humsimamisha kuku kutaga, na wao wamehamishwa na kupigwa. Ukiona mmoja anadondosha manyoya shingoni na mgongoni na kusimamisha mayai, anabadili mavazi. Mlishe kama wengine, umngoje.

Leo usiku anza na tochi. Andika kwenye daftari, kuku wa kwanza hadi wa sita, gole limejaa au ni tupu, na kila asubuhi uzito wa mabaki ya jana. Baada ya siku 14 nitumie ukurasa huo. Nikiona mabaki yamepungua na magole mawili ya Kibuye bado matupu, nitapita Mamboleo mwenyewe niwashike.